Mistari ya Penseli

Kitabu kilifika kwetu Jumanne, kimevikwa gazeti,
kimekwisha kupita kwa wanakwaya sita wa sauti ya kwanza.
Mama Nsimire alinikabidhi mlangoni, akaniminya kidole:
"Usikae nacho. Nyuma yako kuna foleni."

Kadutu ilikuwa gizani, umeme umekwenda kulala Ibanda.
Nilisoma kwa taa ya simu,
simu yenyewe imebakiwa na asilimia tisa.
Ornela, muuguzi, anaandika "Amina"
chini ya ombi la mtu asiyemjua.
Mtu huyo ni Dezire. Seremala. Mgane.
Hana deni, hata la chumvi.
Wanatumiana zaburi usiku wa manane
na mtandao hauwakatikii hata mara moja.
Hapo ndipo nilipojua kuwa ni hadithi.

Nikaendelea hivyo hivyo.
Ukurasa wa arobaini, sombe ikashika chini ya sufuria.
Mama akauliza kutoka uani, "Nani anaungua?"

Ukurasa wa hamsini na tatu Dezire anaandika:
Sijauona uso wako, lakini najua unavyonyamaza.
Chini yake, mstari wa penseli,
mwembamba, umetetemeka mwishoni.
Mbele kidogo, pembeni: kweli.
Mbele tena: haraka ya nini?
Nikawashuku wanakwaya mmoja mmoja,
nikamshuku hata mke wa mchungaji,
mpaka nilipoitazama ile k,
mguu wake umevutwa nyuma kama wa mtu anayepanda ngazi.
Ni k ya daftari letu la madeni.
Ni k ya kilo tano za maharage, Mama Cibalonza, atalipa Ijumaa.

Mama, aliyeniambia riwaya ni za wasio na nguo za kufua!

Nilimkuta anachambua sambaza.
Nikakiweka kitabu kando ya beseni, nisiseme neno.
Hakuinua macho.
"Baba yako," akasema, "niliujua mwandiko wake
kabla sijayajua meno yake."

Alikuwa Kamituga, kwenye dhahabu ya watu.
Barua zilisafiri ndani ya kofia ya dereva wa lori la bia.
Ya kwanza ilianza hivi, mama aliisema bila kusita,
vidole vimejaa magamba:

    Nenda barua upesi,
    panda ngazi za Kadutu,
    umwambie kwa nafasi:
    nampenda, sina kitu.

"Ya tatu ilikaa siku kumi na moja kwenye tope la Mwenga.
Ilipofika, wino ulikuwa umekimbia,
nusu ya ukurasa imekuwa ziwa.
Maneno yaliyopotea nikayajaza mwenyewe.
Mpaka leo sijui alisema nini pale.
Nilimjibu ndiyo."

Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akatafuta sambaza mwingine katika beseni lililokwisha.

"Hawa wako wa kitabuni
wanaona alama mbili za buluu, hawajajibiwa, wanalia.
Mimi nilililia lori."

Ijumaa nilifika mwisho: harusi, kwaya, keki ya ghorofa tatu.
Chini ya neno la mwisho kabisa, penseli ileile:
na baadaye?

Sikumwambia mama kuhusu Lubumbashi.
Kwamba yuko mtu huko, Kasongo, fundi wa jokofu,
tuliyekutana katika kundi la maombi la alfajiri;
kwamba ananiita dada, na siku hizi
hilo dada amelipunguza sauti.
Lakini simu ilipotetemeka mezani
mama ndiye aliyeitazama kwanza.

"Ameandika nini?"

Nikasoma. "Anasema huko mvua imenyesha,
na bati lake linavuja juu ya kitanda."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge,
akafikiri muda mrefu, kama anayepima maharage.

"Bati linavuja," akasema. "Haya. Huyo si wa kitabuni.
Mjibu. Lakini usimjibu leo."

Kitabu nilikipeleka kwa Mama Riziki, wa nane kwenye foleni.
Mistari sikuifuta.
Penseli nilibaki nayo.